Cherehani ya mtumba kwa kazi ya ngozi: ya nyumbani, ya viatu, au ya miguu miwili?

Muuzaji ataweka kipande cha ngozi chini ya mguu wa cherehani, atazungusha gurudumu kwa nguvu, sindano itapenya, kisha atakutazama kana kwamba mazungumzo yamekwisha. Hayajaanza. Karibu kila cherehani ya chuma inaweza kutoboa ngozi mara moja. Mambo yanayotenganisha cherehani na cherehani ni matatu: inavyosukuma ngozi, uzi mnene kiasi gani inaweza kuukaza, na umbo la kiwiliwili chake linaruhusu kazi gani kuingia. Nguvu unaweza kuiongeza baadaye kwa mota na puli. Hayo matatu hayaongezeki, unayapata siku ya kununua au unayakosa kabisa.

Cherehani yangu ya kwanza ya ngozi niliinunua kwa uzito wake. Ilikuwa ya kiwandani, ya mshono ulionyooka, nzito kiasi kwamba tuliibeba wawili kwa shida, nami nikaamini chuma kingi ni dhamana. Nikashona ubavu wa mkoba, tabaka mbili za milimita 2. Nilipofika mwisho, tabaka la juu lilizidi la chini kwa karibu nusu sentimita, ingawa nilizikata sawasawa. Ingekuwa kitambaa ningefumua nianze upya. Ngozi ikishatobolewa imetobolewa, na safu ya matundu yasiyo na uzi inaonekana kuliko kosa lenyewe. Ule mkoba haukuuzika.

Anza na uzi

Kabla hujaangalia cherehani yoyote, jiulize utashona nini zaidi, na kitu hicho kinataka uzi gani. Pochi ya ngozi nyembamba inapendeza kwa uzi wa Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi, namba ikipanda uzi unanenepa), ambao hupita kwenye sindano namba 110. Mkoba wa begani unataka Tex 90 kwa sindano 120, au Tex 135 kwa sindano 140. Mkanda wa kiuno unaanzia Tex 135 na kupanda hadi Tex 210, ambayo hutaka sindano 160 au 180. Hatamu na vifaa vya farasi huingia Tex 270 na zaidi, sindano 200.

Namba ya sindano ni unene wake kwa mia ya milimita, kwa hiyo sindano 140 ina milimita 1.4. Pakiti nyingi huandika namba mbili, 110/18 au 140/22. Ni kitu kimoja kwa mifumo miwili. Kwenye nyuzi tahadhari kidogo: watengenezaji wengine huandika namba inayokwenda kinyume, ambapo 40 ni karibu Tex 70 na 20 ni karibu Tex 135. Namba ikipungua, uzi unanenepa.

Kwa nini uzi uwe ndio kipimo? Kwa sababu nyuzi mbili za cherehani hufungana katikati ya ngozi, na fundo hilo lazima livutwe juu ndani ya tundu kila mara. Uzi mnene unahitaji springi ngumu, mkono wa kuvutia uzi wenye nguvu, na ndoano, ile inayokamata uzi chini ya bamba, yenye nafasi ya kuupitisha. Cherehani isiyo na hayo itakuachia mshono mzuri juu, na chini uzi umelala mnyoofu kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiuvuta kwa ukucha unatoka wote. Basi ukiambiwa cherehani inashona ngozi ya milimita 6, uliza kwa uzi upi.

Ya nyumbani, ile ya chuma ya zamani

Hapa namaanisha Singer za aina ya 15, 66 na 201, pamoja na nakala nyingi za ile 15, ikiwemo Butterfly ambayo wengi tumekua tukiiona. Ni cherehani nzuri sana kwa kitu kilichokusudiwa, nacho ni kitambaa. Kwa ngozi laini ya milimita 1 hadi 1.5, tabaka mbili, sindano ya ngozi namba 100 au 110 na uzi usiozidi Tex 70, itakufanyia kazi ya kuridhisha. Nimeona vifuko vya ufunguo, pochi na bitana za mikoba zikitoka safi kabisa kwenye 15 ya kukanyaga. Hata naona kanyagio au mkono wa kuzungusha ni bora kuliko mota ndogo ya nyumbani, kwa sababu unapata hatua (mchomo wa sindano) moja moja bila kuilazimisha.

Wauzaji wengi huita kila cherehani nyeusi ya chuma "ya kiwandani". Njia ya haraka ya kujua ni kuchomoa sindano. Sindano ya cherehani za nyumbani ina ubavu bapa kwenye shina lake nene. Ya kiwandani kwa kawaida ni mviringo kote. Ukikuta bapa, wewe uko mbele ya cherehani ya nyumbani, hata iwe nzito namna gani.

Kati ya hizi za nyumbani, chukua ya mshono ulionyooka tu. Ile ya zigizaga ina tundu pana kwenye bamba la sindano, na ngozi husukumwa ndani yake, hatua zinaruka. Vilevile ziangalie kwa makini zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1960, kwa kuwa ndipo gia za plastiki zilipoanza kuingia katika baadhi yake. Gia ya plastiki iliyozeeka hupasuka, na ngozi ndiyo itakayoipasua.

Ya kiwandani ya mshono ulionyooka

Nitapita haraka hapa, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa wingi na ndiyo inayowaponza wengi. Juki DDL-8700 ni mfano wake unaojulikana: imeundwa kushona hadi hatua 5,500 kwa dakika. Kasi hiyo ni ya mashati. Inasukuma kwa meno ya chini peke yake, kwa hiyo tabaka la chini linakwenda na la juu linang'ang'ania mguu, ndicho kilichonikuta. Mguu wa tefloni au wa gurudumu hupunguza tatizo, hauliondoi.

Ukishona majaketi na sketi za ngozi laini, hii ni chaguo la maana, na Singer 31K ya mafundi wa suti ni tulivu zaidi kwa mkono usiozoea. Kwa mikoba na mikanda, iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Wawili wanaogombewa: ya viatu na ya miguu miwili

Swali gumu linaanzia hapa, maana mtu mwenye fedha za cherehani moja mara nyingi husimama kati ya hizi mbili.

Ya viatu ni ile yenye mkono mrefu mwembamba kama mdomo wa korongo, na mguu unaozunguka pande zote. Singer 29K ndiyo mama yao, na Adler za mfululizo wa 30 ni ndugu zake wa Ujerumani. Haina meno chini. Mguu wenyewe wenye meno madogo ndio unaoibana ngozi kutoka juu na kuivuta. Kwa kuwa mguu huo unageuzwa kuelekea popote, unaweza kushona kwenda mbele, kando, au kurudi, huku kiatu kimetulia palepale. Mkono wake unaingia hadi kwenye ncha ya kiatu, kwenye mfuko wa ndani ya begi lililokwisha kushonwa, kwenye kona ambayo cherehani nyingine haiwezi hata kuikaribia. Kwa ukarabati hakuna mbadala.

Ya miguu miwili ni ile ya meza yenye mguu wa ndani na wa nje unaopokezana. Singer 111W155, Consew 206RB, Juki LU-563 na Pfaff 545 zote ni za ukoo huu. Sindano inashuka, mguu wa ndani unakandamiza kando yake, kisha sindano, mguu huo na meno ya chini vinasogea pamoja vikiwa vimeibana ngozi. Sindano ikiwa ndani ya tundu tabaka haziwezi kupishana, zimepigiliwa pamoja. Mguu wa nje unashuka kushikilia wakati sindano inapanda. Ule mkoba wangu uliopishana nusu sentimita ungetoka sawa kwenye cherehani hii bila mimi kufanya juhudi yoyote ya ziada.

Sasa ziweke ubavu kwa ubavu. Ukishona mstari mrefu ulionyooka, kama mkanda au ukingo wa mkoba, ya miguu miwili inashinda wazi. Ya viatu haina uso mpana wa kuegemeza kazi, na hatua zake hupungua na kuongezeka kidogo kadiri unavyoivuta ngozi. Jicho la mnunuzi huliona hilo hata asipojua kulitaja. Kwa uzi, ya miguu miwili hubeba Tex 135 bila kulalamika, na wengine huweka Tex 210 juu na 135 chini. Ya viatu hukaa vizuri kwenye Tex 70 na 90. Bobini yake katika aina nyingi ni ndogo mno, na ukiwa kwenye mshono mrefu itaisha katikati. Kuna aina za 29K zenye bobini kubwa. Ukikutana nayo, hiyo ni sababu halali ya kulipa zaidi.

Lakini leta kiatu kilichopasuka ubavuni, au begi la mgongoni lililong'oka mkanda, na ya miguu miwili inabaki kutazama. Meza yake bapa hairuhusu kitu chenye umbo kuingia. Nimewahi kumwona mtu akifumua robo tatu ya begi ili afikie mshono mmoja wa sentimita 4, kazi ambayo ya viatu ingeimaliza kabla chai haijapoa.

Kuhusu alama: zote mbili zinaacha. Ya viatu inaziacha juu, upande unaoonekana, kwa sababu meno yako kwenye mguu. Ya miguu miwili inaziacha zaidi chini, na unaweza kubadilisha meno na miguu kuwa laini. Kwa ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa magome, ambayo hushika kila mkwaruzo, tofauti hii ni kubwa.

Hukumu yangu ni hii. Kama unatengeneza vitu vipya, nunua ya miguu miwili. Kama riziki yako ni kukarabati, nunua ya viatu. Wale wanaosema "nitafanya yote mawili" nawashauri waangalie kazi zao za miezi miwili iliyopita wazihesabu. Jibu huwa tayari limo humo. Na mwenye kushona mikoba mipya, zile sehemu chache ambazo meza haifiki anaweza kuzimaliza kwa msharasi na sindano mbili za mkono. Mwenye ya viatu hana njia rahisi kama hiyo ya kupata mstari ulionyooka wa mita moja.

Za mkono wa bomba, na zile nzito

Kuna zinazochanganya sifa: miguu miwili kama hizo za meza, lakini kiwiliwili ni mkono wa mviringo unaotokeza. Pfaff 335, Adler 69, Singer 153W na Juki LS-341 ni mifano. Kwa mikoba yenye pande zilizopinda ndizo ningezipenda kuliko zote, na ukipata meza ndogo ya kuvalisha juu ya mkono unapata na uso bapa. Kasoro yake ni kwamba mtumba wake ni adimu na bobini za baadhi ni ndogo.

Singer 45K na zile za muundo wa Juki TSC-441 ni za hatamu, matandiko ya farasi na mikanda minene. Za muundo wa 441 hutumia sindano ndefu za mfumo wa 794, hupokea Tex 270 na 350, na hushona unene unaokaribia sentimita 2. Watu huzitamani kwa kuwa ni kubwa. Hazishoni vizuri pochi: uzi mwembamba na ngozi nyembamba humezwa na tundu lake pana mpaka ubadilishe bamba, meno na mkazo.

| Aina | Inavyosukuma | Uzi unaoistarehesha | Unene wa jumla | Kazi yake |
|---|---|---|---|---|
| Ya nyumbani ya chuma | meno ya chini | hadi Tex 70 | hadi mm 3, ngozi laini | pochi, bitana |
| Kiwandani, mshono ulionyooka | meno ya chini | hadi Tex 70 | hadi mm 4 | majaketi |
| Ya viatu | mguu kutoka juu | Tex 70 hadi 90 | mm 5 hivi | ukarabati |
| Ya miguu miwili | meno, sindano na mguu | Tex 70 hadi 135 | hadi mm 8 au 9 | mikoba, mikanda |
| Nzito ya muundo wa 441 | meno, sindano na mguu | Tex 210 hadi 350 | karibu mm 20 | hatamu, matandiko |

Siku ya kwenda kuikagua

Nenda na ngozi yako, uzi wako, na sindano mpya za mfumo wake. Usikubali kujaribu kwa kitambaa. Mfumo wa sindano umeandikwa kwenye kibati au kitabu: 111W155 na 206RB hutumia 135x16 yenye ncha ya ngozi na 135x17 yenye ncha ya mviringo, Pfaff nyingi za ukoo huu hutumia 134-35, na 29K hutumia 29x3 kwa ngozi. Ulizia sindano hizo dukani kabla ya kulipia cherehani. Cherehani isiyo na sindano ni chuma chakavu chenye jina zuri.

Soma pia herufi kwenye jina la Singer. K ni kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980, kwa hiyo 29K yoyote ina zaidi ya miaka 40. W ni Bridgeport, Marekani. Umri peke yake haunitishi. Uchakavu ndio unaonitisha, na kwenye ya viatu unapimika kwa rula: weka hatua ndefu kuliko zote, shona hatua kumi kwenye tabaka mbili, pima. Ikiwa nzima kila hatua hukaribia milimita 5. Ukipata milimita 25 kwa hatua kumi, viungo vinavyovuta mguu vimelika, na kuvibadilisha kunaweza kuzidi bei ya cherehani. Zungusha mguu pande nne na upime tena kila upande, maana nyingine hushona vizuri kwenda mbele tu.

Kwenye ya miguu miwili shika fimbo ya sindano uitikise kando kwa kando. Mchezo unaousikia mkononi utakuwa hatua zilizoruka kesho. Fungua bamba utazame ncha ya ndoano kwa tochi. Ncha iliyobutuka au yenye kutu ya vishimo itakata uzi mnene. Inua mguu uone nafasi: kama haifiki milimita 9, kazi nene haitaingia hata kama ingeshoneka. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima ukiwa na ngozi ndani, polepole. Uzito unaojitokeza sehemu moja tu ya mzunguko unatokana na kitu kilichopinda au kinachogusana. Uzito wa mzunguko mzima mara nyingi ni mafuta yaliyoganda, nayo husafishika. Usisahau kwamba 111W155 haina kurudi nyuma, unaugeuza mshono au unafunga nyuzi kwa mkono. Consew 206RB inarudi. Kwa anayeshona mikoba kila siku, mimi ningelipia tofauti hiyo.

Kisha piga magoti uangalie mota. Cherehani nyingi za kiwandani zinazouzwa zikiwa zimetumika zimetoka viwandani pamoja na meza yake, na mota yake ni ya umeme wa fezi tatu. Nyumbani kwako haitawaka. Soma kibati chake, usiulize. Hata ikiwa ya fezi moja, mota ya klachi huzunguka mfululizo kwa kasi kubwa, na mguu wako ndio breki pekee. Kwa ngozi, hatua tatu za ziada kwenye kona ni bidhaa iliyoharibika. Mota ya sevo, ile inayozunguka pale tu unapokanyaga, ya wati 550 au 750 hutatua jambo hilo, pamoja na puli ndogo kabisa unayoweza kuipata, ya milimita 45 au 50. Ikiwa bado inakimbia, gurudumu la kupunguza kasi la tatu kwa moja likiwekwa kati ya mota na cherehani huipa nguvu mara tatu na kuifanya ipige hatua moja ukitaka moja. Hesabu gharama hiyo ndani ya bei unayopatana, wala usingoje kuigundua ukishafika nyumbani.

Mwisho omba bobini zote na kile kikombe cha chuma cha kushikilia bobini kilichokuja nayo, miguu ya akiba, na ule bisibisi mdogo uliofungwa kwenye droo. Droo ifunguliwe mbele yako. Katika droo ya ya kwangu ya sasa, 206RB, nilikuta bamba la sindano la pili, laini, lisilo na mikwaruzo. Mwenyewe hakujua kazi yake. Ndilo ninaloshonea pochi mpaka leo.